Boriti za Nyumba ya Shambani

Mhandisi alisema boriti zote za dari zing'olewe, ati zimeoza. Gibson, mlinzi wa nyumba ile kuukuu ya shambani pale Al Warqa, katika nchi ya Waarabu, damu ikamchemka. Kwao Kakamega baba yake alijenga nyumba za miti, na hakuwahi kutupa mti kabla ya kuusikiliza.

"Sir, ngoja kwanza!"

Akapanda ngazi, akagonga boriti moja moja kwa kitako cha tochi, sikio karibu. Zilizo nzima zilijibu kwa sauti kavu. Tatu tu ndizo zilizotoa mlio mzito wa mti uliooza.

Mhandisi akapanda, akagonga mwenyewe, akashuka.

"Khalas, basi. Nitatafuta mlinzi mwingine," akasema.

Gibson akazima tochi, akijua kazi imekwisha.

"Wewe kesho njoo na nyundo, tung'oe hizo tatu," mhandisi akaongeza.