Kisauti cha Mgongoni

Nilipokuwa mdogo kule Bweranyange, nilikuwa nampigia bibi magoti, nasema shikamoo, naye ananiwekea kiganjani punje ya kahawa ya kutafuna. Salamu ilikuwa rahisi hivyo.

Binti yangu Koku ana miaka minne. Ana usonji, bado hasemi. Siku moja mama mkwe akanirushia mbele ya wageni: "Mtoto hasalimii! Kwani mama yake anamfundisha nini?" Nilichemka. Tangu hapo, kila nikiingia kwake na Koku mgongoni, nabana koo na kutoa kisauti cha kitoto, kana kwamba ni yeye: "Shikamoo, bibi!" Naye anaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Nikajiona mjanja kuliko wote Karagwe nzima.

Jumapili iliyopita Koku alitangulia na baba yake. Mimi nikafuata, kichwa kimejaa mawazo, na mlangoni kile kisauti kikanitoka kwa mazoea: "Shikamoo, bibi!"

Koku alikuwa miguuni pa bibi yake, akipanga punje za kahawa mstari mrefu, wala hakuinua macho. Mama mkwe akautazama mgongo wangu mtupu.

"Marahaba, mjukuu wangu." Akachukua kahawa moja kikapuni, bila kuugusa mstari wa Koku. "Haya, piga magoti upokee yako."