Pete za Buluu kwenye Mishale ya Orrin

Verna Lahti alirudi kutoka kazini miguu imevimba, akajitupa kwenye kiti cha jikoni bila hata kuvua koti. Kutwa nzima alikuwa akikunja mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na sasa amefika kwake kumtunza mzee wake. Mumewe, Orrin, alishapanga mishale juu ya gazeti kuukuu, amekaa kama msimamizi anayemsubiri kibarua.

"Umechelewa."

"Nimepitia kuchukua dawa zako. Au ulitaka zije zenyewe?"

Mikono ya Orrin ilianza kutetemeka mwaka juzi. Kwanza ilikuwa kikombe, kisha vifungo vya shati, kisha brashi. Msimu uliopita wa kuwinda alijichorea mishale mwenyewe, pete za rangi zinazomtambulisha mwenye mshale zikatoka zimepinda mpaka mdogo wake, Duane, akacheka machozi yakamtoka: "Kaka, mishale hii umeinywesha nini?" Orrin naye alicheka, lakini Verna alimwona akificha mikono chini ya meza. Basi mwaka huu kazi ya kuchora ikamwangukia Verna. Imwangukie nani tena? Theluji ya mlangoni ni yeye, kuni za sauna, bafu lao la mvuke, ni yeye, bomba likivuja ni yeye.

Pete za Orrin, na za baba yake kabla yake, zilikuwa buluu mbili nene na njano nyembamba katikati. Huko kwao kaskazini mwa Michigan, mshale ukichomolewa kwenye kulungu, hakuna anayeuliza maswali. Mtu anatazama pete tu, na mwenye pete ndiye mwenye nyama, ndiye anayekata na kugawa.

Vifaa vya dukani vya kuchorea ni vya watu walio nazo. Akina Lahti walikuwa na mota iliyotolewa kwenye cherehani iliyokufa, vibao viwili vilivyochongwa mifereji ya kulaza mshale, na rangi ya kucha. Mota inazungusha mshale, unagusisha brashi, pete inajichora yenyewe. Ukiwa na mkono uliotulia, lakini.

"Brashi itulie! Mshale ndio uzunguke!"

"Kelele wewe. Miaka yote hii nakutazama, unadhani nilikuwa nimelala?"

Kulala ndiko alikokuwa anakutaka. Jumamosi msimu unafunguliwa. Orrin na Duane wangekwenda msituni kutwa nzima kama kila mwaka, naye angebaki peke yake, ashushe pazia, alale mpaka alale tena. Jumamosi hiyo alikuwa akiitamani tangu theluji ilipoyeyuka. Hakumwambia mtu, maana mwanamke akisema amechoshwa na mgonjwa wake, watu wanamtazama vibaya. Waje wao wamvishe soksi kila asubuhi, tuone!

Alipomaliza mishale michache, Orrin akasema, "Buluu imekwisha. Tumia ile nyekundu iliyobaki harusi ya binti yetu Jolene. Ya nini kununua nyingine?"

Verna hakubisha. Mishale yote iliyobaki akaipiga pete nyekundu, akaenda zake kulala.

Ijumaa jioni Duane alikuja, akakata mkate wa iliki, akaokota mshale mmoja.

"Shemeji, hii nyekundu ya nani? Msitu mzima simjui mtu wa nyekundu."

"Rangi ilikwisha," Verna alisema.

Orrin akawa anakoroga kahawa ambayo haina hata sukari. Ikammwagikia kotini. Verna akamvua koti lile alifue, akapapasa mifuko kama anavyofanya siku zote, akatoa kichupa cha rangi ya buluu. Kimejaa zaidi ya nusu.

Akakiweka mezani. "Orrin. Hii ni nini?"

Mzee hakumtazama. "Juzi nilijaribu kuvuta upinde kule bandani. Haukufika hata nusu. Mimi basi tena, Verna. Wewe kibali cha kuwinda unacho, na kwa shabaha unamshinda Duane."

"Hilo kweli," Duane alisema chini chini.

"Nikaificha buluu, nikaona nyekundu ziwe pete zako."

Mwingine angeguswa, angemkumbatia. Verna alipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto.

"Yaani hata hili nalo ni langu? Hata hili? Mimi nilitaka kulala, Orrin! Jumamosi moja tu, nilale!"

Akaangua kilio palepale mbele ya shemeji yake, kamasi zinamtoka, wala hakuzifuta. Duane akainama kutazama viatu vyake.

Alipotulia, Verna alichukua dawa ya kutolea rangi ya kucha, akaanza kufuta nyekundu, mshale mmoja baada ya mwingine. Uso wa Orrin ukamshuka. Kisha Verna akawasha mota, akafungua buluu.

"Nitakwenda. Lakini kwa pete zako. Sitaki kitu kingine chenye jina langu ndani ya nyumba hii. Kulungu akianguka ni wako, na utakuja msituni umkate mwenyewe, utetemeke usitetemeke."

"Nitamkata vibaya."

"Mkate vibaya. Na nikisinzia kule juu ya mti ninapovizia, ole wake atakayeniamsha."

Orrin alimsogezea mshale mwingine. Mota ikawa inanguruma, mshale unazunguka.

"Brashi itulie," alisema taratibu.

"Kelele wewe," Verna alimjibu, akakivuta kiti cha mumewe karibu na chake.