Niliwaambia Tuangalie Mbele

Nimekosa. Sina namna nyingine ya kuanza. Nimefundisha maadili ya kazi na usuluhishi kwa miaka mingi hapa Dodoma, na wanaonifahamu huniita Profesa. Lakini kuna mtu nilimharibia maisha kwa mdomo wangu, halafu nikamharibia tena kwa kunyamaza. Ninaandika kwa sababu sijui tena nimwambie nani.

Mtu huyo ni kaka wa mke wangu. Sitamtaja jina. Nitamwita Shemeji, kama tulivyokuwa tukiitana.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa. Mimi nilikuwa mhadhiri wa mawasiliano na usuluhishi chuoni, cheo bado, nimepanga nyumba Area D. Shemeji alikuwa fundi wa boila kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti, upande wa Zuzu, karibu na reli. Ni Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno machache, anayeipenda kazi yake. Nilipokuwa nasoma shahada ya pili, yeye ndiye aliyekuwa akimletea dada yake mahindi na maharage kutoka kwao ili nyumba isilale njaa.

Siku moja mvuke ulimuunguza kibarua mmoja pale kiwandani, tumwite Ndahani. Alifariki hospitali siku ya nne. Uongozi ukaandika kwamba alikuwa amelewa. Wafanyakazi wakagoma siku kadhaa, wakarudi kazini wamenuna, na meneja akanifuata chuoni. Alisema kuna mwekezaji anakuja kukagua kiwanda, na yeye anataka mgeni akute amani. Nikakubali haraka. Si ndiyo ilikuwa fani yangu!

Nikawahoji mmoja mmoja, redio ya kaseti iko mezani inarekodi. Kila mmoja nilimwahidi kwamba sauti yake haitasikiwa na mtu mwingine yeyote. Wengi walijibu kwa kujibana. Shemeji alifunguka, kwa sababu alikuwa anaongea na mume wa dada yake.

Aliniambia Ndahani hakuwa amelewa. Valvu ya usalama ya boila, ile inayotoa mvuke ukizidi, ilikuwa imefungwa kwa waya, kwa amri ya meneja, ili kazi isisimame. Yeye alikataa kuifunga, ikafungwa na mtu mwingine siku yake ya mapumziko. Akaniambia pia kwamba siku ya mwekezaji wafanyakazi wamepanga kumpeleka mgeni mpaka kwenye boila, wamwonyeshe ule waya.

"Hili la mwisho liishie hapa, shemeji," alisema.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Haikupita wiki nilikuwa nimekaa ofisini kwa meneja, na kaseti ile inazunguka. Niliiweka mimi, kwa mkono wangu. Kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba nilitaka asikie uchungu wa watu wake, roho imlainike. Uongo mtupu. Alikuwa amenidokezea kwamba nikiifanya kazi vizuri atanipendekeza kwa viwanda vingine, nizunguke nikitoa semina. Nilitaka aone jinsi watu wanavyoniamini.

Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka. Akauliza kama huyo si fundi wake wa boila, maana lafudhi ile ya Kirangi pale kiwandani alikuwa nayo mmoja.

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilitabasamu. Ee Mungu wangu, nilitabasamu!

Siku ya mwekezaji ilipofika, waya haukuwepo. Valvu mpya ilikuwa imewekwa, na wafanyakazi karibu wote walikuwa wamepewa likizo ya ghafla. Viongozi watatu wa mgomo wakaachishwa kazi. Shemeji hakuguswa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuwasha boila mbele ya mgeni. Tena meneja alimpa mkono hadharani na kumsifu.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya wenzake. Siri imevuja, watatu wamefukuzwa, na huyu mmoja anapewa mkono.

Nikaitisha kikao cha suluhu kwenye bwalo la kiwanda. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Mama mmoja wa kitengo cha kujaza madumu alisimama, akamnyooshea Shemeji kidole na kusema huyu ndiye aliyewauza. Watu wakaguna. Shemeji aliniangalia mimi.

Alikuwa anasubiri sentensi moja. Niseme tu kwamba si yeye, ni mimi. Nilikuwa na shahada mbili za mawasiliano, jamani, na sentensi yenyewe ilikuwa na maneno manne!

Nikasimama, nikakohoa. "Ndugu zangu," nikasema, "tusitafute mchawi. Tuangalie mbele."

Wakapiga makofi. Shemeji naye alipiga, polepole, macho yako mezani.

Baada ya hapo hakuna aliyekula naye. Akifika kwa mama ntilie, wenzake wanahama benchi. Mtu akaandika neno baya kwenye mlango wa chumba cha boila. Alivumilia miezi kadhaa, kisha akaacha kazi mwenyewe na kurudi Kondoa kulima. Mke wangu alimlaumu sana kwa kuacha kazi ya mshahara. Yeye akamjibu kwamba moshi ulikuwa unamsumbua kifua.

Na mimi? Mimi niliandika makala kuhusu kikao kile! Nilikieleza kama mfano wa namna wafanyakazi na uongozi wanavyoweza kurudisha amani. Ilinifungulia milango. Nikaalikwa mikutano, nikapandishwa cheo, wanafunzi wakaisoma darasani. Kila nilipoifundisha, nikifika pale watu walipopiga makofi niliomba maji.

Mama mkwe alipofariki tulikwenda Kondoa. Desturi ya watu wa kile kiwanda ilikuwa kukodi lori na kwenda kumzika mzazi wa mwenzao, hata aliyekwisha acha kazi. Kwa Shemeji hakuja hata mmoja. Mke wangu aliniuliza wenzake wa zamani wako wapi. Nikamwambia huenda taarifa haikuwafikia. Shemeji alikuwa amesimama karibu, alisikia. Akaendelea kukunja jamvi.

Mambo yalipasuka nilipopata uprofesa. Ndugu walikuja nyumbani kunipongeza, na Shemeji alikuja kutoka Kondoa na debe la asali. Mke wangu, kwa furaha, akaanza kuwasimulia wageni jinsi nilivyowapatanisha watu wa kiwanda. Shemeji aliinuka na kutoka nje. Mke wangu akamfuata, akamuuliza kuna nini. Hakumwambia kitu.

Wageni walipoondoka aliniuliza mimi. Nikamwambia yote. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda nilikuwa nimechoka.

Aliuliza: "Kaka anajua kuwa ni wewe?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kikao."

Hakulia wala hakunitukana. Asubuhi yake alipanda basi la Kondoa, na mpaka leo yuko kwa kaka yake. Watoto wanapiga simu kuuliza mama amekwenda wapi, nami ninawaambia amekwenda kupumzika. Unaona? Bado nadanganya.

Nilimfuata mke wangu Kondoa. Nilimkuta Shemeji shambani anapalilia. Nikapiga magoti kwenye udongo, mimi na suruali yangu ya suti, nikamwomba msamaha. Aliniinua. Alisema alishanisamehe zamani, kwa ajili ya dada yake.

Nikamuuliza nifanye nini basi, nirekebishe vipi.

"Shemeji, kiwanda kilishafungwa," alisema. "Wale watu wametawanyika. Wengine wamekufa wakiamini niliwauza mimi. Hao utawaambia wapi?"

 Jibu nimekuwa nikilitafuta mpaka leo na sijalipata, na usingizi umenikimbia, na darasani nikisimama naona macho yake kwenye kila kiti.

Ndiyo maana ninaandika. Kama ulifanya kazi pale Zuzu, au baba yako alifanya, jua kwamba yule fundi wa boila hakuwauza. Niliwauza mimi, mtu wa kaseti. Na bado nimeogopa kuweka jina langu hapa chini, ndivyo nilivyo.

Wewe unayesoma, kama unajua neno la kumsafisha mtu, liseme sasa hivi, watu wakiwa bado wamekaa. Wakishainuka kwenye viti, hutawapata tena wote.