Pombe Ambayo Georgette Hakuinywa

Kwa miaka kumi na tisa Georgette alizalisha wanawake wa mtaa wa Mulongwe, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwona ameshika glasi ya pombe. Mumewe alikufa kwa kanyanga, pombe kali ya kienyeji, tumbo limevimba na macho yamekuwa manjano. Tangu siku ya mazishi, chupa haikuingia tena nyumbani kwake, alikobaki na binti yao Annie. Wajawazito walimpenda kiasi cha kuulizia zamu yake kabla ya kuulizia kitanda.

Mwaka ule mto ulipofurika na kubeba nyumba, Georgette alikunywa maji machafu kama jirani zake. Akaugua tumbo, kisha mkojo ukaanza kumchoma. Alinunua antibiotike, zilipokwisha akanunua nyingine, na nyingine tena, wiki saba mfululizo bila kumwona daktari. Dawa alizijua, alijiambia, amsumbue mtu kwa nini? Maumivu yakaisha, akasahau.

Haikupita miezi miwili, ulimi ukaanza kumwia mzito mchana, baada ya chakula. Alikula bugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, akainuka kuosha sahani, na chumba kikazunguka. Candide, mwanamke aliyesimamia kituo chao cha afya, alimvuta pembeni.

"Mama Annie, nasikia harufu."

"Harufu ya nini?"

"Unaijua. Leo sitaandika kitu. Ikirudi, nitaandika."

Georgette aliapa kwamba hakunywa. Candide alimtazama kama mtu aliyekwisha kusikia kiapo hicho kwa wengi. Kuanzia siku hiyo Georgette alitafuna majani ya mnanaa kazini, akanyamaza.

Siku ya kujifungua kwa Alliance ilikuwa Jumatano. Alliance alikuwa mke wa Gracien, seremala wa mtaa wa Kimanga, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Candide alikuwa mkutanoni, na Georgette alikuwa ametoka kula. Mtoto alizaliwa vizuri, wa kike, akalia kwa nguvu. Kondo likatoka. Kisha damu ikaanza, na haikukoma.

Sindano ya kuzuia damu ilikuwa kwenye sahani, hatua mbili tu kutoka alipokuwa. Mara ngapi maishani alikuwa ameidunga? Lakini Georgette aliketi kwenye kigoda, akaona wekundu unaotambaa chini ya kitanda, na akili yake ikamwambia kwamba mtu amemwaga maji. Mfagiaji alipoingia na kupiga kelele, alimkuta mkunga anasinzia. Alliance alifia ndani ya gari, kabla ya kufika hospitali.

Georgette alifukuzwa kazi wiki hiyohiyo. Mchungaji akamwondoa kwenye kwaya, na sokoni watu waliacha kuongea alipopita. Ila kilichomuumiza zaidi kilikuwa nyumbani. Binti yake Annie, fundi wa cherehani mwenye miaka ishirini na mitatu, alifunua magodoro, akanusa madumu ya maji, akachungulia hata ndani ya gunia la makaa.

"Mama, niambie tu unaificha wapi. Minye sitakasirika."

"Sinywi, Annie."

"Hata baba alisemaka vile."

Ilifika mahali Georgette akaanza kujishuku mwenyewe. Je, huenda anakunywa usingizini, kisha anasahau?

Baada ya miezi minne Annie alichoka kubishana. Jumamosi moja asubuhi aliingiza cherehani ndani, akafunga mlango kwa ufunguo, akauvaa ufunguo shingoni. Walikaa wawili, macho kwa macho. Mchana akapika wali na maharage, wakala sahani moja. Saa moja na nusu haikuisha, mama akaanza kucheka peke yake. Akasimama, akayumba, akaanguka ubavu ukutani. Annie alipomwinua, pumzi yake ilinuka kama mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi.

Annie hakuwa amemwondolea mama yake macho hata dakika moja. Annie aliketi sakafuni akiwa amemkumbatia mama yake, akalia mpaka sauti ikakauka.

Jumatatu wakaenda kwa daktari Lionel, kijana mpole aliyesikiliza habari yote bila kutabasamu. Alimnywesha Georgette maji yenye sukari nyingi, akamweka mbele yake siku nzima, na kila baada ya muda akamtoa damu. Pombe ilipanda ndani ya damu ya mwanamke aliyeketi tu kitini. Choo chake kikapelekwa Bukavu kupimwa. Kwa sababu ya vita barabarani, jibu lilichukua karibu mwezi.

"Mama, ndani ya tumbo ya kila muntu iko kuvu," daktari alieleza. "Nyingine ni jamaa ya hamira ile ya mukate. Zikiwa kidogo haziko mubaya, hata zinafundisha mwili kujilinda. Bakteria za tumbo njo zinazichunga. Weye ulikunywa antibiotike wiki saba. Ulifukuza wachungaji, hamira ikabaki yenyewe. Kila bugali unakula, inaigeuza pombe."

Akampa dawa za kuua kuvu, akamkataza bugali, wali, ndizi na sukari. Georgette aliishi kwa samaki na mboga ya lengalenga, akakonda hadi nguo zikamning'inia. Wiki ya sita, kichwa kilitulia kabisa. Na kichwa kilichotulia kilikumbuka kila kitu: kigoda, sahani, wekundu sakafuni.

Candide alisoma barua ya daktari mara mbili. "Nakuamini," alisema. "Lakini wamama hawatakubali urudi kuwazalisha."

Siku iliyofuata Georgette alikwenda Kimanga. Gracien alikuwa anapiga randa ubao. Nyuma yake, dada yake alikuwa anamlisha mtoto uji. Georgette alieleza akiwa amesimama, kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha kiti.

"Kwa hiyo haukunywa," Gracien alisema.

"Sikunywa."

"Ni kidudu."

"Ni kidudu. Lakini sikiliza, baba. Nilijua kwa majuma kama mwili wangu hauko muzuri. Niliogopa kupoteza kazi, nikanyamaza. Ile kidudu haikunikataza kusema."

Gracien aliweka randa chini, akapangusa unga wa mbao mikononi, polepole, kidole kwa kidole.

"Wakati nilizani ulikunywa, nilijua namna ya kukuchukia," alisema. "Sasa umekuja kuniondolea hata ile. Nenda, mama."

Mtoto aligeuka kumtazama mgeni, uji mdomoni. Georgette hakuthubutu kuuliza jina lake. Akaondoka.

Siku hizi anaanika ndagala ufukoni pamoja na wanawake wengine. Habari ya ugonjwa wake imeenea, na wengi wanaiamini. Mara mojamoja mjamzito humfuata pale kwenye mchanga, akamwomba ampapase tumbo, amwambie kama mtoto amekaa vizuri. Georgette huficha mikono nyuma ya kitenge, akamwelekeza kituoni, na kuendelea kugeuza samaki juani.