Miezi Minne ya Kuwa Dada wa Mume Wangu

Kwa miaka sita ya ndoa yangu, mama yangu na mume wangu hawakuwahi kutazamana usoni. Hawakuwa na ugomvi wowote. Ndivyo ulivyo ukwe kwetu sisi watu wa kaskazini ya Katanga, na kuhamia kwetu Élisabethville, kwenye nyumba za matofali za kambi ya reli, hakukubadilisha kitu. Mume wangu akimwona mama anakuja barabarani na kikapu chake, alishuka pembeni kwenye majani, akageuka kuutazama ukuta wa jirani mpaka apite. Mama naye alivuta kitambaa cha kichwani kikafunika uso. Wakitaka kuzungumza, mimi ndiye niliyekuwa simu yao. Mama akiwa jikoni na mume wangu barazani, hatua tano tu kati yao, mama aliniagiza nimwambie mkwe wake kwamba mvua inalowesha mkaa. Nilirudia kila neno, ingawa mume wangu alikwisha kulisikia na alikuwa ameinuka kwenda kuufunika huo mkaa. Siku nilizochoka nikakataa kurudia, wote wawili walinyamaza wakanisubiri. Walikuwa na subira ya kuudhi.

Mimi sikuzaliwa na subira. Kwa hiyo nilipokuta matambara yenye damu yameanikwa nyuma ya nyumba ya mjomba, ambako mama aliishi tangu afiwe na baba, sikuuliza kwa upole. Nilimfokea. Kumbe alikuwa akitoka damu miezi mingi, akaona haya kusema, akaendelea kutwanga na kuteka maji huku midomo yake imekuwa myeupe kama majivu. Nilimfunga kitenge safi, nikamshika mkono, nikampeleka hospitali ya Weusi, na njia nzima nilikuwa nikigomba ili nisilie.

Daktari, Mbelgiji mrefu aliyesema kwa kuhesabu maneno, alimpima akasema kuna uvimbe katika tumbo la uzazi na lazima utolewe. Lakini mama alikuwa amebakiwa na damu kidogo mno. Hakuwa tayari kumpasua namna ile, maana angefia mezani. Alitaka apewe kwanza damu ya mtu mwingine, siku hiyo hiyo, apasuliwe kesho yake asubuhi. Akaondoka, akatuacha na muuguzi.

Muuguzi huyo alikuwa mzee wa Maniema, Mwislamu, aliyevaa kofia yake nyeupe ya kufuma pamoja na blauzi ya hospitali, na hakuna mtawa wa pale aliyethubutu kumwambia aivue. Alinitoboa kidole, akachanganya tone langu na la mama juu ya kigae cheupe, akakitikisa polepole. Damu zetu zilishikana vipande vipande, mfano wa maziwa yaliyochacha. Akatikisa kichwa. Mjomba, aliyetufuata hospitali, naye akatobolewa, ikawa vile vile. Kaka yangu alikuwa mbali, Kamina, kwenye reli. Nilikitazama kile kigae nikaumia sana. Mwanamke aliyenizaa, damu yake ilikuwa inaikataa yangu mbele ya macho yangu.

Muuguzi aliuliza kama hakuna mwingine. Nilisema hakuna. Ndipo mkono wa mwanamume ukaingia dirishani, kidole kimenyooshwa.

Ulikuwa mkono wa mume wangu. Tangu asubuhi alikuwa amesimama nje, barazani, mgongo kaupa ukuta, kwa sababu hakuweza kuingia mahali mama mkwe wake amelala. Na lazima niseme hapa kwamba mume wangu, fundi wa kutengeneza mabehewa, mtu aliyeinua vyuma vizito kutwa nzima, alikuwa mwoga wa hospitali. Siku zile kambini kila mtu alizungumza juu ya batumbula, hao walionenwa kwamba wanakamata watu na kuwapelekea Wazungu damu yao. Yeye alikuwa anaamini. Akipita mbele ya lango la hospitali, hatua zake zilikuwa ndefu. Sasa mkono wake ulikuwa ndani ya dirisha, na uso wake ulikuwa unaitazama bustani.

Tone lake lilienea juu ya kigae pamoja na la mama, laini, bila kipande hata kimoja. Muuguzi alitabasamu. Mimi nilipiga magoti nikashukuru, kisha nikainuka kumwambia mama.

Mama alisema hapana.

Nilidhani hakusikia vizuri. Nikamweleza upya. Akasema hapana mara ya pili, akageukia ukuta. Mjomba alijaribu, akashindwa. Hapo hasira zangu zikapanda. Nilimwambia kwamba ameficha ugonjwa kwa haya, na sasa anataka kutuachia maiti kwa haya hiyo hiyo. Kwamba ukwe wake unampendeza kuliko sisi watoto wake. Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Watu wa vitanda vya jirani walijifanya wamelala.

Mama aliniacha nimalize. Halafu akasema, kwa sauti ndogo:

“Haiko haya. Damu yake ikiingia mu mwili yangu, yeye iko mutoto yangu. Na wewe uko mutoto yangu. Sasa utalala na ndugu yako? Mi nikufe, lakini siwezi kukuvunjia nyumba.”

Nilikaa chini, pale pale sakafuni. Miaka yote niliuona ukwe wao kama kichekesho cha watu wazima, nikautania mbele ya mashoga zangu. Sikuwahi kufikiri kwamba mama alikuwa anailinda nyumba yangu kwa kile kitambaa cha kichwani, na kwamba alikuwa tayari kuilinda mpaka kaburini. Nilitamani kumwomba msamaha, nikaishia kumfunika miguu. Nje, mume wangu alianza, “Umwambie mama…” kama kawaida yetu, asimalize.

Muuguzi alikuwa akichemsha sindano zake pembeni, na nilikuwa nimemsahau. Aliuliza kwa adabu kama anaweza kusema neno. Akamwambia mama kwamba damu ya kupewa haikai daima. Mwili unaitumia huku unatengeneza ya kwake, na baada ya miezi minne ile ya mgeni inakuwa imekwisha.

Mama alifumbua macho. “Yote?”

“Yote, mama.”

“Hata tone haitabakia?”

Yule mzee alinitazama kidogo, akaitazama midomo ya mama, akasema hata tone. Sijui kama alikuwa na hakika ya tone la mwisho. Sikumuuliza, na hata leo nisingemuuliza.

Mama akamwita mjomba karibu, wakanong'onezana kwa Kiluba. Walipomaliza, mjomba alisimama akatoa hukumu kana kwamba yuko barazani kwa chifu. Damu itaingia. Kwa miezi minne, mume wangu atakuwa mtoto wa mama na kaka yangu mimi, atalala kwingine. Damu ikiisha, udugu umeisha, arudi kwa mke wake. Mume wangu aliitikia kule nje kabla hajaulizwa. Mimi ndiye ambaye sikuulizwa kabisa.

Walimlaza mume wangu chumba cha pili, wakamtoboa. Nilipita mlangoni nikamwona kafumba macho, jasho linamtiririka, anasema Salamu Maria mfululizo. Chupa ililetwa imefungwa kwa taulo, bado ina joto lake, nyeusi kuliko nilivyotazamia. Muuguzi aliitundika juu ya kitanda, damu ikashuka katika mpira mwembamba mpaka mkononi mwa mama. Mama hakuitazama. Aliniambia si adabu kuona yaliyomo ndani ya mkwe wake. Lakini kabla chupa haijafika nusu aliniomba maji, kisha uji, na kucha zake zilianza kurudiwa na rangi. Kesho yake walimpasua, akaamka.

Alipotoka hospitali, mama alikuja kupona kwangu, jambo ambalo zamani lisingewezekana. Mume wangu alikuwa amehamia kwa mwenzake wa kazini, chumba kimoja cha makapera, na binti yetu wa miaka mitatu alidhani baba yake amepata safari. Padri hatukumweleza. Mama alisema padri ni mtu mwema lakini mambo ya ukwe hakusomea.

Siku ya kwanza mume wangu alikuja alasiri, king'ora cha karakana kilipolia. Alisimama nje ya ua, mgongo kageuza, kwa mazoea. Mama, ambaye bado alitembea kwa kushika kuta, alitoka mpaka mlangoni akamwita. “Mutoto, ingia. Bukari inapoa.” Yeye hakusogea. Mama akamwendea, akamshika kiwiko, akamgeuza. Ndipo walipotazamana kwa mara ya kwanza. Mama alimchunguza kuanzia paji la uso mpaka kidevu, akaniuliza mimi kwa nini sikumwambia kwamba ana alama ya tetekuwanga juu ya jicho.

Tangu siku hiyo nilikuwa dada, tena dada asiyetakiwa. Alikuja kila siku. Walikula ugali wetu wa bukari na sombe ya majani ya muhogo katika sahani moja, huku mimi na binti yangu tukila pembeni. Mama alimgombeza kwa kula haraka. Alimshonea vifungo, alimkata nywele uani, alimtuma sokoni naye akaenda mbio. Alimwagiza aniite yaya, yaani dada mkubwa, eti kwa kuwa mimi nilitangulia kuzaliwa tumboni mwake, na huyo mwanamume mwenye masharubu akaniita yaya bila haya usoni. Nilimrushia mwiko.

Lakini nilisikia pia mambo ambayo sikuyajua. Alimsimulia mama kwamba mama yake mzazi alifariki yeye akiwa hajaota meno ya pili, wakati baba yake alipoletwa kufanya kazi migodini, na kwamba hakumbuki sura ya mama huyo, anakumbuka nguo tu. Miaka sita nililala naye, hakuniambia. Mama hakusema pole. Alimwongezea mboga. Na mume wangu alicheka siku hizo kwa kufungua kinywa chote, hata nikaona pengo la jino la nyuma. Niliona wivu, sitadanganya. Sikujua hata namwonea nani wivu, mama au yeye.

Mama alihesabu kwa miandamo ya mwezi. Mimi nilihesabu kwa posho ya kila juma, na kila gunia la unga lililoletwa nilifurahi. Nilimtaka mume wangu. Nilitaka nyumba yangu, kitanda changu, na mama arudi kwa mjomba akiwa mzima.

Mwandamo wa nne ulipopita, mama alichinja kuku, akampa mume wangu firigisi. Walikula bila maneno mengi. Alipomaliza kunawa, mume wangu alitaka kuinuka, mama akamzuia.

“Ngoja kwanza, nikutazame muzuri.”

Akamtazama. Mume wangu naye alimtazama, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha. Binti yangu aliuliza wanafanya nini, nikamtoa nje.

Asubuhi yake, Jumapili, mjomba alikuja kumchukua mama. Mume wangu alikuwa anafika na sanduku lake la nguo. Walikutana langoni. Mama alivuta kitambaa kikafunika uso, akapita. Mume wangu aliweka sanduku chini, akashuka kwenye majani, akaugeukia ukuta. Mama hakusimama. Alisema huku akitazama mbele tu, kwa sauti ya kunifikia mimi mlangoni, nimwambie mkwe wake asisahau kula taratibu. Kwa mazoea nikafungua kinywa kurudia, lakini niliona mabega ya mume wangu yanavyotikisika, nikaacha.

Nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Nilikuwa nimepika samaki anaowapenda, nimefua mashuka, nimeimba tangu alfajiri. Alikaa mezani, akamega tonge moja, akalikandakanda vidoleni mpaka likapoa. Nilitaka kukasirika, na nilikuwa na haki. Miezi minne nilikuwa nimemngoja. Nilimuuliza kwa ukali kama chakula changu kimekuwa kibaya.

Akasema samaki ni wazuri. Halafu, bila kuinua macho, mume wangu aliyeogopa hospitali kuliko treni akaniambia:

“Uende uulize ule muzee wa Maniema. Kama mama anapashwa kuongezewa damu ingine, mi niko.”

Nilihamisha sahani yangu, nikakaa upande wake wa meza, tukala katika sahani moja.