Nyavu Ilikuwa Imewekewa Griffins

Griffins alikaa Watamu miaka mingi akipeleka wageni kuona matumbawe kwa ile mbuga ya baharini. Huko maji ni safi, unaona hadi kucha yako. Aliporudi nyumbani huku Seme, chini ya Kombewa, kando ya ziwa, alikuja na miwani, kapaipu ka kupumulia na viatu za kuogelea kama miguu ya bata. Watoto wakamwita Bata. Alicheka tu.

Kamati ya bichi ikampatia kazi. Kuna mawe huko ndani, samaki huzalia hapo, na kuvua kumekatazwa. Lakini watu huiba, wanaweka nyavu. Griffins anaingia chini, anazikata, tunazichoma hapa bichi watu wote wakiona. Pole pole salamu zikaisha. Ukipita naye sokoni, watu wanageuka kuangalia visamaki vya omena.

Sisi huku mtu haingii chini bila kamba kiunoni, na mwenzake kwa boti ameishika, kwa vile maji yetu ni kijani kama supu ya sukuma. Griffins hakutaka.

"Kamba ni ya mbuzi, omera," asubuhi moja aliambia Dishon, mwenye boti, tukisukuma boti majini.

"Mbuzi hurudi nyumbani," Dishon akamjibu.

Bibi yake, Agneta, alisimama kwa maji mpaka magotini. "Baba Bridget, leo vaa tu hiyo kamba."

"Nitarudi kabla chai ipoe."

Tulifika kwa mawe sisi watatu, Griffins akaingia. Kapaipu kakakata maji, halafu kakazama. Tukangoja. Maji ilikuwa inatetemeka mahali pamoja tu.

Dishon akatupa nanga hapo, ikashika kitu kizito. Tukavuta wote wawili mpaka boti ikalala upande. Ilitoka nyavu, na ndani Griffins, nyuzi kwa shingo, miwani imeenda. Akakohoa. Alikuwa hai.

Hiyo nyavu ilikuwa mpya, hainuki samaki. Ilikuwa imesimamishwa kama pazia, haina hata boya moja juu, kwa ile nafasi kati ya mawe ambayo ni Griffins peke yake hupitia.

Tulipomfikisha bichi, watu walikuja kuangalia. Hakuna aliuliza ni ya nani. Mzee Walter, ambaye alikuwa ameacha kumsalimia, alichutama karibu naye, akampangusa matope kwa bega.

"Pole, kijana yangu. Na kesho unaingia saa ngapi?"

Griffins akaangalia bibi yake.

"Haingii," Agneta akasema. "Si kesho, si siku ingine."

Tukangoja Griffins abishane, vile tunamjua. Yeye akavua zile viatu za bata, akampatia Agneta.