Somo la Sita: Familia

Mwalimu wa Kiingereza wa darasa la jioni alikuwa mtu wa kupanga. Walimu wenzake walimwita Rula, maana maandalio yake yalinyooka: salamu, msamiati, mazoezi ya wawili wawili, kisha kila mtu anasimama kumtambulisha mwenzake. Hakuwahi kuingia darasani mikono mitupu. Lakini muhula huo kulikuwa na somo moja lililomshinda kuandaa, na sababu yake ilikaa safu ya mbele karibu na dirisha, imevaa miwani ya kamba.

Yule mama alikuwa mkwewe wa zamani. Rula aliolewa na mwanawe, wakangoja mtoto, mtoto asije. Maneno ya mkwe yakaanza jikoni, kwanza ya pembeni, baadaye ya usoni: "Nyumba hii haikosi viti, inakosa watu wa kuvikalia." Mwisho mume akamwacha, akahamia nchi ya mbali. Tangu hapo wanawake hao wawili hawakukutana, mpaka siku ya kwanza ya muhula, mama alipofika mlangoni, akasita, kisha akaingia na kuketi. Darasa jingine la wanaoanza halikuwepo. Mmoja akawa mwalimu, mwingine mwanafunzi, na ya nyuma hakuna aliyeyagusa.

Somo la sita la kitabu lilihusu familia. Rula akaliruka. Kutoka la tano akaenda la saba, sokoni, kwenye bei za vitu, kana kwamba hakuna kilichopotea. Dereva wa teksi, ambaye maswali yake yalitosha darasa zima, akainua mkono.

"Mwalimu, la sita limekwenda wapi?"

"Tutalirudia."

"Lini? Wageni ninaowabeba hawaniulizi bei ya vitunguu. Wananiuliza nina watoto wangapi."

Darasa likaangua kicheko. Mama peke yake hakucheka. "Hata mimi nilijiandikisha kwa ajili ya hilo," alisema, macho kwenye dawati. "Mjukuu wangu anakuja likizo. Kiswahili hajui hata neno."

Mjukuu. Kumbe huko alikokwenda yule bwana alipata mtoto, na habari hiyo Rula ndiyo kwanza anaisikia, chaki mkononi, mbele za watu.

Kesho yake akakaa chumba cha walimu kuandaa somo la sita. Akaandika swali la kitabu: una watoto? Akalifuta. Akalirudisha, kwa kuwa dereva alisema kweli, hilo ndilo watakaloulizwa huko nje. Akalifuta tena.

"Dada, utaitoboa hiyo karatasi," alisema mwalimu wa hesabu kutoka meza ya pili.

Mwishowe akalibadili lote. Aliandika: niambie habari za mtu mmoja wa familia yako. Hapo kila mtu angechagua wa kumsema na wa kumnyamazia. Akapitia majina: kila mwanafunzi alikuwa na mwenzake, hakuna anayebaki. Akashusha pumzi.

Jioni hiyo fundi cherehani, aliyepangiwa kuongea na mama, hakutokea.

Wengine wakageuziana viti, wakaanza kuulizana kwa kelele. Mama akabaki anatazama kiti kitupu. Rula aliona darasa zima litashangaa asipokwenda. Akaenda, akaketi. Magoti yao yalikaribia kugusana.

Mama akauliza kwa Kiingereza cha kusukumasukuma. Rula akamweleza habari za dada yake, anayefuga kuku na kucheka usingizini. Ikafika zamu ya mama, akasema mjukuu wake anapenda kuogelea na anaogopa mbwa. Basi. Rula akainuka, jasho limemlowesha mgongo, akidhani amevuka salama. Alisahau hatua ya mwisho ya mpango wake mwenyewe, ile ya kutambulishana.

Zamu ilipomfikia, mama alisimama akaushika ukingo wa dawati. "Huyu ni mwalimu wangu," alisema kwa Kiingereza. "Ana dada. Zamani, huyu ni..." Neno likamkatalia. Akageukia Kiswahili, sauti imeshuka: "Mkamwana wanaitaje?"

Vichwa vyote vikageukia kwa mwalimu.

Rula angeweza kusema muda umekwisha. Badala yake akageukia ubao, akaliandika lile neno refu lenye vistari viwili, *daughter-in-law*, na herufi za mwisho zikapinda.

"Hilo la mwisho si sheria?" dereva alinong'ona. "Binti wa kisheria? Kwani walifika mahakamani?"

Mmoja akaguna kicheko, akakimeza.

"Na sahihisho moja," Rula alisema, bado amewapa wanafunzi mgongo. "Mama, umesema *ni*. Zamani imepita. Sema *alikuwa*."

Mama akairudia sentensi yote, neno kwa neno, ikiwa sahihi. Kisha akakaa.

Watu walipotoka, mama alibaki. "Mimi ndiye niliyemwambia akuache," alisema.

"Najua, mama."

"Ulijua, na bado ukanifundisha?"

"Nilipangiwa darasa. Sikupangiwa watu." Rula alifuta ubao, akajishughulisha na vumbi la chaki.

"Mtoto akija," mama aliuliza, "naweza kumleta hapa siku moja? Waongee naye hawa wenzangu. Ukikataa, sitalalamika."

Rula alimwonea uchungu, akamwonea hasira, vyote kwa mpigo.

"Akifika, mlete Alhamisi. Nitaandaa somo."

Akamleta. Alikuwa msichana mdogo mwenye paji la uso la baba yake, na Rula alipomwona ilibidi aende dirishani, ajifanye anafungua pazia. Lakini maswali yalikuwa tayari, na zamu zilipangwa. Dereva alimuuliza mtoto kama anajua kuendesha gari, mtoto akacheka mpaka akashika tumbo. Mama naye akamuuliza kama anaogopa mbwa wote au wakubwa tu, naye akamjibu bibi yake kwa kirefu, mikono ikicheza hewani. Mama alielewa karibu yote. Pale alipokwama, aliinua macho kwa mwalimu, na mwalimu akampa neno.